Toyota Celica: mataji, magonjwa na ndugu zake wa Uvira

Simama Kavimvira, mjini Uvira, penye mpaka wa Kongo na Burundi, uhesabu magari yanayopita. Celica hutaiona kirahisi. Ni gari la chini, na barabara ya taifa namba 5 haina huruma na gari la chini. Lakini injini zake zimo humu mjini, zimekaa ndani ya RAV4, Ipsum na Premio. Toyota ilitengeneza Celica vizazi saba, toka 1970 hadi 2006, na karibu kila kizazi kilikuwa na sifa yake na ugonjwa wake. Anayenunua gari la mtumba Uvira ana faida kuvijua vyote viwili.

Iliyotamba zaidi Afrika
Ni Twin Cam Turbo ya kizazi cha tatu. Ilitwaa Safari Rally ya Kenya mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen 1985, kisha Waldegård tena 1986. Wakati huo baadhi ya wapinzani walikuwa wameshahamia magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Celica hii ilisukumwa na ya nyuma tu. Kwa mbio za maelfu ya kilomita za vumbi na matope, uchache wa vyuma vya kuvunjika ulikuwa faida. Wala si kwamba haikuharibika: mafundi waliisubiri njiani na vipuri mkononi. Ilikuwa inatengenezeka upesi.

Ushindi mnono kuliko wote
Mwaka 1993, Celica GT-Four ya kizazi cha tano ilizoa nafasi nne za kwanza za Safari, Kankkunen akiwa mbele. Mwaka uliofuata Mkenya Ian Duncan akashinda na gari hilohilo. Injini yake, 3S-GTE ya lita 2 yenye turbo, ina udhaifu unaojulikana: nyumba ya turbo hupasuka kwa joto. Dereva anayetoka mbio na kuzima injini papo hapo huua na beringi za turbo, kwa sababu oili huacha kuzunguka turbo ikiwa bado inaungua.

Ndugu yake asiye na turbo, 3S-FE, yumo katika RAV4 za 1994 hadi 2000. Huyu ni mpole na mvumilivu. Kinachomshinda ni kupanda milima ya Ngomo, kutoka Kamanyola kuelekea Bukavu, na rejeta iliyoziba uchafu. Hapo kosa ni la mwenye gari.

Ujanja uliogharimu zaidi
Mwaka 1995, katika mbio za Catalunya, Hispania, GT-Four ya kizazi cha sita ilikutwa na kifaa cha turbo kilichoruhusu hewa nyingi kuliko kanuni. Kilifichwa kwa ufundi hata rais wa wakati huo wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, Max Mosley, akakiri kwamba hajawahi kuona ujanja wa namna ile. Timu ya Toyota ikanyang'anywa pointi na kufungiwa miezi 12.

Mla oili mkubwa
Hapa Uvira ipo katikati ya habari. Celica ya kizazi cha saba, iliyoanza 1999, ilikuja na injini ya 1ZZ-FE, lita 1.8. Katika pistoni za miaka ya kwanza, matundu ya kurudishia oili yalikuwa madogo na machache. Masizi yakayaziba, ringi zikaganda, oili ikapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Baadaye Toyota ilibadilisha pistoni, lakini magari ya mwanzo yalikuwa yameshauzwa duniani kote. Injini hiyohiyo iko ndani ya RAV4 za 1.8 za kizazi cha pili, na Premio, Allion na Wish za 1.8 za kizazi cha kwanza.

Kuipima hakuhitaji kompyuta. Iache injini ipate moto, iache iungurume bila gia dakika chache, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu huku mwenzako akitazama bomba la moshi. Moshi wa buluu ni jibu. Chomoa na kijiti cha oili: kikitoka kikavu na muuzaji akasema alibadilisha oili jana, muage kwa heshima.

Yenye mizunguko mikali zaidi
Celica za bei ya juu za kizazi hicho zilipewa 2ZZ-GE, inayofika mizunguko 8,000 na ushei kwa dakika. Juu ya mizunguko 6,000 hubadilisha mwendo wa valvu na kunguruma upya. Zile za mwanzo zilikula boliti za mfumo huo, na zikishakwisha, nguvu ya juu haiji tena. Tena injini hii imebanwa sana, inataka petroli safi ya oktani kubwa. Kuilisha petroli ya kadafi, muuzaji wa barabarani, iliyokaa juani ndani ya bidoni ni kuitafutia kifo.

Adui asiye na kizazi
Ni maji. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, matope yaliingia nyumba kwa nyumba. Gari lililolala majini huonyesha mchanga chini ya zulia na kutu kwenye boliti za viti. Vitazame hivyo kabla ya rangi.

Kwa hiyo, tukirudi kwa mla oili, ukikuta RAV4 mbili bei moja, ya 1998 na ya 2001 yenye 1.8, na zote zimetunzwa sawa, chukua ile kuukuu. Pesa utakayookoa kwenye oili utanunulia rejeta.