Damu Inapotoboa Siri ya Kichwa

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sisimulii habari za sungura wala fisi, nasimulia za kichwa.

Ubongo una maji yake maangavu. Hutengenezwa humohumo usiku na mchana, kwa mtu mzima yapata nusu lita kwa siku, kisha hufyonzwa na kurudi kwenye damu. Njia ikiziba, maji hujaa katika vyumba vya ndani na kuusukuma ubongo ukutani. Mtoto mchanga mifupa yake ya kichwa haijaungana, basi kichwa hukua kupita kiasi, utosi hutuna na kukaza, macho huelekea chini. Wapo wanaonong'ona kuwa amerogwa. Hakuna uchawi hapo! Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aligundua kuwa zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu walipata tatizo hilo baada ya maambukizi.

Tiba ya kawaida ni mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira nao huziba, na hospitali ikiwa mbali, mtoto yumo hatarini. Warf akatumia njia nyingine: kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapite, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza.

Sasa ndipo penye fumbo. Tepu hupima ukubwa wa kichwa na picha huonyesha maji. Lakini ubongo wenyewe, bado unaumia au umepumzika?

"Bibi, kwani damu itajuaje?"

Swali zuri. Mmeona nyumba ya udongo? Ndani ya ukuta mna fito. Ukuta ukibomoka, fito hutokeza nje. Nyuzi za neva nazo zina fito zake za protini, ziitwazo neurofilamenti. Uzi ukikatika, vipande huponyokea kwenye maji ya ubongo, na vichache mno hufika kwenye damu. Ni vichache hata mashine za zamani hazikuviona. Leo zipo zinazohesabu molekuli mojamoja.

Msishangilie mapema. Upasuaji wenyewe hujeruhi ubongo kidogo, kwa hiyo kipimo hupanda baada yake hata kama tiba imefaulu. Mtoto mchanga naye kwa kawaida ana protini hiyo nyingi kuliko mtoto mkubwa. Tone moja la damu halitoshi. Lazima apimwe tena na tena, alinganishwe na wa umri wake. Watafiti wangali kazini, na kwangu mimi daktari anayemshika mtoto kichwa bado ana neno zito kuliko namba.

Basi mkiona kichwa cha mdogo wenu kinakua haraka, au utosi umetuna hata akiwa ametulia, mwambieni mama ampeleke kliniki leo. Tepu ya muuguzi yatosha kuanzia.