Harufu ya paini ndani ya nyumba: inafanya nini na haifanyi nini

Ukipita jirani na karakana ya seremala pale Mpanda mjini, siku ambayo mbao za paini zinapigwa randa, harufu inakufikia kabla hujaiona mbao yenyewe. Ni kali na safi, kama limau lililochanganyika na utomvu. Swali la leo: hiyo harufu ni kitu gani? Na ukiinunua kwenye kichupa ukaiweka sebuleni, itakusaidia?

Tuanze na mti. Misitu ya Katavi ni ya miombo, makazi ya mninga na nyuki. Paini, yaani msonobari, ni mgeni. Kwenye shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, hupandwa kwa wingi Pinus patula, ambayo asili yake ni Meksiko. Mti huu hutengeneza utomvu ili kujikinga na wadudu na kuvu, na ndani ya utomvu mna kemikali nyepesi ziitwazo terpini. Maarufu zaidi ni alfa-pinini, molekuli yenye kaboni 10 na haidrojeni 16. Ipo pia kwenye tapentaini inayotokana na utomvu wa paini, na hata kwenye ubani. Kwa hiyo kama kwenu mnafukiza ubani, pua yako inaijua tayari.

Mafuta hupatikanaje? Majani au vipande vya mti hupitishiwa mvuke. Pinini ikiwa peke yake huchemka karibu nyuzi 156 za Selsiasi, lakini ikiambatana na mvuke wa maji hutoka chini ya nyuzi 100. Mvuke ukipozwa, mafuta yanaelea juu ya maji. Basi, yanakingwa.

Sasa twende puani. Molekuli zikifika sehemu ya juu ya pua hukamatwa na vipokezi maalumu; Linda Buck na Richard Axel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kuvichunguza. Kutoka hapo, taarifa hupita njia fupi hadi sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu moja tu inaweza kukurudisha kwenye Krismasi ya utotoni. Utulivu unaousikia ni wa kweli, ila sehemu yake inatokana na kumbukumbu zako na unachokitarajia. Usidanganywe kwamba mafuta haya yanatibu malaria au presha.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Wengi hudhani harufu nzuri maana yake hewa safi. Sivyo! Usiku wa kipupwe, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, kisha anadondosha mafuta ili "kukata" harufu ya moshi. Mafuta hayaondoi moshi, yanauficha tu. Tena mkaa unaowaka vibaya hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hujishika kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi ambao mtu anaweza asiamke. Hakuna mafuta duniani yanayozuia hilo. Dawa yake ni jiko kukaa nje.

Ukitaka kuyatumia, fanya hivi. Fungua dirisha kwanza. Weka matone matatu au manne kwenye bakuli la maji ya moto, mahali ambapo watoto hawafiki. Nusu saa inatosha. Usiyadondoshee kwenye makaa wala karibu na mshumaa, kwa sababu yanashika moto upesi. Usiyapake ngozini bila kuyachanganya na mafuta ya kawaida kama ya nazi au alizeti. Kama nyumbani kuna mwenye pumu au mtoto mchanga, achana nayo.

Na mtoto akiyanywa, usimtapishe! Yakiingia kwenye mapafu wakati wa kutapika yanaweza kumdhuru zaidi, kama ilivyo kwa mafuta ya taa. Mkimbize hospitali, na kichupa ubebe ili daktari ajue alichokunywa.

Furahia harufu, hakuna ubaya. Ila kazi ya kusafisha hewa iachie dirisha.