Bukta ya Bluu Iliyokoza

Orodha ya vifaa vya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) haina mzaha. Bukta ya rangi ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Binti yangu wa mwisho alipomaliza kidato cha sita mwaka 2019 alipangiwa kambi ya Mgambo, wilayani Handeni, na asubuhi nzima tulizunguka maduka ya Manundu, hapa Korogwe, tukiitafuta bukta hiyo. Zilizokuwapo ama zilikuwa na mistari pembeni, ama ziliishia mapajani. Mwishowe fundi mmoja mwenye cherehani barazani akatuambia tukae kwenye benchi. Ameshashona kumi na tisa tangu Jumatatu, yetu haitamchukua nusu saa.

Nyumbani tulimkuta mjomba wangu chini ya mwembe. Alikuwa ametoka Handeni kuja kupimwa macho. Binti akamwamkia, akamwonyesha alichoshonewa.

"Babu, naenda jeshini."

Mzee akaipokea ile bukta, akauvuta mpira wa kiunoni, akauachia. Akacheka peke yake. "Mke wangu," akasema, maana ndivyo anavyomwita tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, "mimi hii ndiyo iliyonifukuzisha chuo."

Nimefundisha historia miaka thelathini na ushei. Tarehe 22 Oktoba 1966, siku wanafunzi wa chuo walipofukuzwa, nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko tarehe niliyooa. Lakini katika ukoo wetu ilijulikana tu kwamba mwaka ule mjomba alirudi nyumbani kwa sababu aliugua. Ugonjwa gani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Bibi alikuwa na jicho la kumnyamazisha mtu.

Siku hiyo mzee akafunguka, ila hakuanza na 1966. Alianza mwaka mmoja nyuma, kwa jambo analojivunia mpaka leo.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza kwamba Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya sasa, imejitwalia uhuru. Ulikuwa uhuru wa Wazungu laki mbili na ushei wa kuwatawala Waafrika zaidi ya milioni 4. Uingereza, mwenye koloni, ikasema haitapeleka jeshi, itaweka vikwazo vya biashara. (Uingereza hiyohiyo ilishapeleka ndege za kivita kuwapiga mabomu Mau Mau kwenye misitu ya Kenya; huko haikupotea njia.) Wanafunzi wa Mlimani, wakati huo Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakateremka mjini mpaka ubalozi wa Uingereza. Mjomba alikuwemo. Anasema sauti ilimkauka siku tatu. Tarehe 15 Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, kama mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walivyoazimia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi yenyewe ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru.

"Tulikuwa tayari kwa vita," mjomba akasema.

Binti yangu akamtazama, kisha akaitazama bukta.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Ualimu ni maradhi. Nikawasimulia habari za wanafunzi wengine waliotaka vita, wale wa Beiping.

Beiping ni jina lililokuwa likitumika kwa Beijing wakati serikali ya China ilipokuwa na makao yake Nanjing. Japani ilikwishainyakua Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, tangu Septemba 1931, na haikutosheka. Ikawa inasogea kidogokidogo, leo mkataba, kesho kituo cha askari, kama jirani anayeng'oa mkonge wa mpaka usiku na kuupanda hatua mbili ndani ya shamba lako. Serikali ya Chiang Kai-shek ilikuwa inajua, lakini ilitaka kwanza iwamalize Wakomunisti. Tarehe 25 Novemba 1935 Mchina mmoja, Yin Rugeng, akajitangazia utawala wake mashariki mwa jimbo la Hebei, Wajapani wakiwa nyuma yake, na makao yake yakawa Tongxian, pua na mdomo na Beiping. Desemba ikapangwa kuzinduliwa baraza la kuyasimamia majimbo ya Hebei na Chahar kwa namna ya kumridhisha Mjapani. Wanafunzi wakaona zamu yao imefika.

Tarehe 9 Desemba wakaingia barabarani. Wale wa vyuo vya Tsinghua na Yenching, vilivyokuwa nje ya ukuta wa mji, walifika lango la Xizhimen wakalikuta limefungwa. Wakabaki nje kwenye baridi wakiwahutubia wapita njia. Wenzao waliokuwa ndani ya mji waliandamana, na walipofika mtaa wa Wangfujing polisi wakawafungulia mipira ya zimamoto. Sisi wa Korogwe maji ya ghafla tungeyashukuru. Kule, Desemba, yaliwagandia nguoni.

"Walitaka nini hasa?" binti akauliza.

"Serikali iache kugawa nchi. Iache kupigana na Wachina wenzao, ikapigane na Mjapani."

"Wao wenyewe walidai wapelekwe vitani?" mjomba akaingilia.

"Walidai."

Akanyamaza. Nikaendelea na tarehe 16, siku waliyorudi wakiwa zaidi ya 10,000. Safari hii lango lililofungwa lilikuwa la Xuanwumen. Chini ya mbao zake kulikuwa na uwazi. Msichana wa Tsinghua aitwaye Lu Cui akajilaza chini kwenye baridi ile, akapenya kwa tumbo mpaka upande wa pili, akaanza kulifungua lango kutoka ndani. Polisi wakamkamata na kumpiga. Edgar Snow, mwandishi wa Kimarekani, alimfuata hukohuko polisi akamhoji, na habari ikavuka bahari. Baraza lile, lililokuwa lizinduliwe siku hiyo, likaahirishwa hadi tarehe 18.

"Siku mbili?" mjomba akauliza. "Yote hayo, siku mbili?"

Siku mbili. Kwangu mimi kilichofuata ndicho kizito zaidi, ingawa vitabu vingi vya shule huishia langoni. Januari 1936 mamia ya wanafunzi wa Beiping na Tianjin walifunga mizigo wakaelekea kusini kwa miguu, vijijini, kuwaeleza wakulima kwamba nchi inamegwa. Mji mdogo wa Gu'an ukawafungia lango na wao. Ukikutana na mtu anayewaza mbegu na kodi, ukaanza kumwambia habari za ubeberu kwa maneno ya darasani, atakusikiliza kwa adabu, kisha atarudi shambani kwake. Polisi wakawarudisha mjini. Lakini waliotoka kwenye safari ile ndio walioanzisha, mwezi Februari, jumuiya ya vijana ya kuikomboa China, na vita vilipolipuka tarehe 7 Julai 1937 kwenye daraja la Lugouqiao, kando ya Beiping, wengi wao walikuwa wameshajua namna ya kuzungumza na mkulima.

Mjomba alikuwa amechukua ungo wa kunde, anapukuchua bila kuangalia. Sasa ikawa zamu yake kusema lile lililofichwa miaka 53.

JKT ilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wahitimu wa chuo na wa kidato cha sita watatumikia miaka miwili kwa lazima: miezi kama mitano kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao na mabango. Bango mojawapo lilidai eti enzi za mkoloni zilikuwa na nafuu. Mwalimu Nyerere akawapokea, akasikiliza risala, iliyolalamikia pia mishahara ya viongozi, kisha akawaka. Akakubali kwamba mishahara ya wakubwa imezidi, akaukata wa kwake kwa asilimia 20. Nao akawaambia warudi makwao. Wanafunzi 393 wakafukuzwa. Kabla ya miezi minne kupita Azimio la Arusha likatangazwa.

Nikajaribu kumtetea mjomba. Hoja ya mishahara ya viongozi haikuwa ya kipuuzi, ndiyo maana Mwalimu mwenyewe aliikubali, na adhabu ilikuwa kali kwa vijana wa miaka 20 na kitu. Mzee akatikisa kichwa.

"Novemba tulitaka Mwingereza apeleke jeshi Salisbury, kwa Smith. Oktoba tukaambiwa, haya, jeshi ni nyinyi. Tukasema, mshahara utakatwa."

Alirudi kwa treni, kwa ile njia ya Ruvu hadi Mnyusi iliyokuwa na miaka mitatu tu tangu ifunguliwe, akashuka stesheni ya Korogwe, akadandia lori la Handeni. Joho lilikuwa ndani ya furushi. Bibi hakusema kitu. Alilichukua, akafunikia kapu la mahindi ya mbegu, na jembe akampa lile lenye mpini mpya.

Jioni moja wazee barazani wakamwomba msomi awaeleze huyo Smith ni nani. Akawaeleza vizuri, anasema, kwa ramani aliyoichora mchangani, Zambia hapa, mto Zambezi pale. Mzee mmoja akaikagua ramani muda mrefu, kisha akauliza: "Na wewe aliyekufukuza shule ni huyo Simisi?"

"Nilijibu nini?" mjomba akatuuliza sisi. "Nilisema naumwa."

Mwaka 1967 wakarudishwa chuoni baada ya kuomba radhi. Alipohitimu alikwenda JKT kama wengine, na hakufa. Ulazima ule ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa 2013 kwa muda mfupi zaidi. Zamu ya binti yangu ilikuwa miezi mitatu.

Siku ya safari mzee aling'ang'ania kutusindikiza stendi. Korogwe hadi Handeni siku hizi ni lami, kilomita 65, lakini gari tulilopata lilikuwa la kupitia Segera, limejaa vijana wenye mabegi na ndoo. Bukta ilikuwa juu kabisa ya begi, imekunjwa kama barua. Gari lilipoanza kusogea mjomba akajinyoosha, visigino pamoja, akapiga saluti. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika fimbo, kwa hiyo akapigia wa kushoto.

"Babu!" binti akapaza sauti dirishani, gari zima likageuka. "Ni wa kulia!"