Alama za Saratani ya Tumbo Katika Damu: Matumaini na Mipaka ya Maikro-RNA

Katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, mtu mwenye kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo huambiwa upesi kuwa ana vidonda vya tumbo. Hununua vidonge vya kupunguza asidi, hupata nafuu, na miezi hupita. Mara nyingi hana ugonjwa mkubwa. Hata hivyo, saratani ya tumbo katika hatua za mwanzo huweza kufanana na vidonda, na vidonge hivyo hivyo huweza kutuliza maumivu huku uvimbe ukiendelea kukua.

Kipimo cha uhakika ni endoskopia: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani hadi tumboni, na kinyama kidogo hukatwa ili kichunguzwe kwa darubini. Kwa mkazi wa Sumbawanga, rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma. Anayetoka Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, hana budi kwanza kupanda hadi uwandani. Haiwezekani kila mwenye kiungulia asafirishwe. Kipimo cha damu kingeweza kusaidia kuamua nani atangulie, na ndiyo sababu ya watafiti kuzifuatilia maikro-RNA.

Maikro-RNA ni molekuli fupi, zenye takriban nyukleotidi 22, ambazo hazitengenezi protini bali hudhibiti utendaji wa jeni. Victor Ambros na Gary Ruvkun, ambao kazi yao juu ya mnyoo mdogo ilizifichua mwaka 1993, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Molekuli hizi hupatikana pia katika majimaji ya damu, zikiwa zimehifadhiwa ndani ya vifuko vidogo au zimeshikamana na protini, hivyo haziharibiki upesi.

Mwaka 2010, watafiti wa Kyoto, Japani, walionesha kuwa viwango vya maikro-RNA kadhaa, ikiwemo miR-21, vilikuwa juu zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo kuliko kwa watu wenye afya, na kwamba vilishuka baada ya upasuaji. Inajulikana kuwa miR-21 hudhoofisha jeni zinazozuia uvimbe, kama vile PTEN, na tafiti kadhaa zimehusisha wingi wake na matokeo mabaya zaidi ya ugonjwa. Lakini miR-21 hupanda pia katika saratani za utumbo mpana, matiti na mapafu. Ikipimwa peke yake, haioneshi ugonjwa uko wapi.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Singapore waliunganisha maikro-RNA 12 katika kipimo kimoja, wakakichunguza kwa watu zaidi ya 5,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Jibu lake ni kiwango cha hatari, si utambuzi wa ugonjwa. Wengi wasio na saratani nao huweza kupata alama ya juu, na wachache wenye saratani huweza kupata alama ya chini. Endoskopia ndiyo huamua.

Kabla kipimo cha namna hiyo hakijatumika Rukwa, sharti kithibitishwe kwa Watanzania. Uchukuaji wa sampuli nao unahitaji uangalifu: chembe nyekundu zikipasuka, humwaga maikro-RNA zake na kupotosha majibu. Damu ikicheleweshwa kutenganishwa, au ikitikiswa safari nzima katika barabara mbovu, haiaminiki tena.

Kwa sasa, maikro-RNA si sehemu ya huduma za kawaida nchini. Mhudumu wa zahanati asisubiri kipimo hicho. Kupungua uzito bila sababu, kushiba upesi, chakula kukwama, kutapika damu, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu usioelezeka, au maumivu mapya ya tumbo kwa mtu aliyepita miaka 55 ni sababu ya kuandika rufaa. Mgonjwa aliyekutwa na bakteria Helicobacter pylori, aliyetambuliwa mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani, amalize dozi yote. Na anayenunua vidonge vya tumbo mara kwa mara amweleze mhudumu ameanza lini kuvitumia, kwani nafuu ya vidonge haithibitishi kuwa tumbo limepona.