Ukuta, Kisiwa na Mti wa Northumberland

Kaskazini mwa Uingereza, mpakani na Uskoti, liko jimbo la Northumberland. Ndani yake wapita ukuta wa mawe ambao Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe mwaka 122, toka bahari hata bahari, kadiri ya kilometa 117.

Pwani kuna kisiwa cha Lindisfarne, ambako Aidan alianzisha nyumba ya watawa mwaka 635. Maji yakipwa, magari huvuka kwa barabara. Yakijaa, barabara huzama, nao wasioangalia saa za maji hunaswa katikati. Watu wa pwani yetu watacheka.

Lakini habari ya mti ndiyo iliyotugusa zaidi. Katika bonde dogo la ukuta ule ulisimama mti mmoja peke yake, wenye umri kupita miaka 100. (Si mkuyu wa Zakayo, ijapokuwa majina yake kwa Kiingereza yafanana.) Chini yake watu walichumbiana, na wengine walinyunyiza majivu ya wafu wao. Usiku mmoja wa Septemba 2023 ukakatwa kwa msumeno wa mashine, ukauangukia ukuta. Mwaka 2025 watu wawili walihukumiwa kifungo, kila mmoja miaka 4 na miezi 3. Kisiki chenyewe kilikuwa kimekwisha kuchipuka mwaka 2024, machipukizi manane.