Kisu kibovu hula faida ya stika

Biashara ya kukata stika za magari, maandishi ya maduka na lebo za chupa za asali inalipa, lakini wajasiriamali wengi hupoteza faida kwenye ncha ya kisu cha mashine.

Kwa stika ya kawaida, yenye unene wa takriban milimita 0.08, tumia kisu cha nyuzi 45. Kwa stika nene, kama zinazoakisi mwanga wa taa, nyuzi 60 hufaa zaidi.

Usitoe ncha ndefu. Ikizidi, hutoboa karatasi ya nyuma na kuvunjika upesi. Itoe kidogo, isizidi unene wa stika na karatasi yake kwa pamoja. Anza na mgandamizo mdogo, kata umbo la majaribio, kisha ongeza polepole. Kipimo sahihi ni stika kubanduka kwa urahisi, huku karatasi ikibaki na alama hafifu tu.

Pembe zikianza kuchanika, safisha kwanza kishikio cha kisu; mabaki ya stika hukizuia kisu kuzunguka. Zikiendelea, kisu kimekwisha. Kabla hujasema kipya ni ghali, piga hesabu ya stika unazotupa kwa wiki.