Cheti cha dola 300 na kazi ya kwanza Masisi

Vyuo vya Goma, kama ISIG, ULPGL na ISTA, hutoa vijana wa informatika kila mwaka, na wengi wao wana wazo moja: nikipata CCNA, kazi nimepata. Wazo hilo si la kijinga. CCNA ni cheti cha rezo, yaani mitandao ya kompyuta, cha kampuni ya Cisco, na mwajiri wa Nairobi anakielewa sawa na wa Kinshasa. Ila kwa mtoto wa Masisi au Walikale kuna hesabu inayotangulia. Mtihani wake, namba 200-301, ni dola 300 za Marekani. Ni wa dakika 120, kwa Kiingereza au Kijapani tu, kwa hiyo aliyefundishwa kwa Kifaransa mpaka diploma ya serikali hana budi kujifunza lugha kwanza. Ada hulipwa kwa kadi ya benki, na benki za Goma zilifungwa mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji. Ukishafaulu, cheti hudumu miaka 3.

Akiba ya familia nyingi Masisi ni ng'ombe. Usiuze ng'ombe kwa ajili ya mtihani huu kabla hujajua kazi yenyewe ikoje huku kwetu.

Tuanze na inakopatikana. Vodacom, Airtel na Orange hawana ofisi ya wahandisi Mweso wala Pinga. Minara yao mlimani hutunzwa na kampuni za minara na wakandarasi wao, ambao hutafuta watu wa kupanda, kubadilisha betri na kutoa taarifa. Kuna hospitali kuu za rufaa na ofisi za zoni za afya, ambazo takwimu zao hutumwa kwa mfumo wa DHIS2 na hukwama intaneti ikikatika. Kuna mashirika ya misaada, ingawa hayo yalipunguza watu wengi baada ya Marekani kusimamisha fedha zake mwanzoni mwa 2025. Na kuna mgodi wa bati wa Bisie huko Walikale, ambao kampuni ya Alphamin ililazimika kuusimamisha Machi 2025 vita vilipoukaribia, ukafunguliwa tena Aprili. Katika matangazo ya waajiri hawa maneno "mhandisi wa rezo" ni adimu. Utakuta tekinisia, opereta wa redio, msaidizi wa lojistiki. Anayetafuta neno CCNA peke yake hupitwa na nafasi nyingi.

Kisha uangalie nchi ilivyo, maana ndiyo inayoamua ujuzi upi unalipwa. Masisi ni milima na malisho. Kilima kikionana na kilima, redio mbili za gigahezi 5.8 zinaweza kurusha intaneti kilomita 20 bila waya. Kuonana kwa macho, hata hivyo, hakutoshi. Mawimbi huhitaji nafasi kuzunguka mstari wake, na kwa umbali huo nafasi hiyo katikati ya njia ni kama mita 16 kila upande. Mkaratusi uliopandwa mwaka juzi ukikua ndani ya nafasi hiyo, mawasiliano hudhoofika na fundi asiyejua sababu hubadilisha redio nzima bure.

Halafu kuna radi. Utafiti wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Sake, iliyo ndani ya Masisi, nafasi ya 3 Afrika nzima kwa wingi wa radi: miale kama 143 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kozi ya CCNA haimfundishi mtu kuzika waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini, wala kuweka kinga kwenye kebo inayoshuka mlingotini. Hapa mnara usio na vitu hivyo ni hasara inayosubiri msimu wa mvua.

Walikale ni kinyume chake. Ni msitu, na majani mabichi hunyonya mawimbi, basi intaneti hutoka angani. Sahani za zamani za VSAT hutumia setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta; ujumbe kwenda na kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Za Starlink ziko chini zaidi, kilomita mia chache tu, kwa hiyo ujumbe hurudi upesi. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliipiga marufuku Starlink Machi 2024, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Hili lina maana kubwa kwa anayetafuta kazi. Kufunga sahani hakumpi mtu mshahara tena, kwa sababu mlinzi wa geti anaweza kuifunga kwa simu yake. Kilichobaki ni kugawa: watu 40 kwenye laini moja, na filamu ya mmoja isizuie ripoti ya kipindupindu ya daktari.

Na umeme? Chukua swali ambalo mimi ningemuuliza kijana kwenye usaili. Redio, ruta na swichi zinakula wati 30 kwa pamoja, mchana na usiku. Una paneli ya jua na betri moja ya asidi, volti 12 na amp-saa 100. Inatosha? Wati 30 mara saa 24 ni wati-saa 720. Betri ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Jua likiwaka kila mchana, usiku utapita vizuri. Siku ya mvua ya kutwa, akiba hiyo itaisha kabla ya saa 24 kutimia. Anayejibu hivyo kwa kalamu na karatasi, nampokea kesho yake hata kama hana cheti.

Je, cheti ni cha kupuuzwa? Hapana, ila kina mpangilio wake. Anza na visivyolipiwa. Chuo cha mtandaoni cha Cisco, NetAcad, kina kozi za msingi za bure pamoja na Packet Tracer, programu ya kujengea rezo ya mfano ndani ya kompyuta. Ipakue ukiwa Goma kwenye laini nzuri. Fanya zoezi hili mpaka ulifanye usiku wa manane: chukua 192.168.10.0/24 yenye anwani 254 za kutumika, ikate mara mbili upate 126 na 126, nusu ya wafanyakazi, nusu ya wageni, na mgeni asifike kwenye kompyuta ya mhasibu.

Baada ya hapo, ushauri wangu ni MTCNA ya MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo ruta zake za bei nafuu hupendwa na wagavi wadogo wa intaneti. Mtihani ni maswali 25 kwa saa moja, unafanywa mwishoni mwa kozi ya mkufunzi aliyeidhinishwa, na unaruhusiwa kufungua maelezo yako. Wengine huudharau kwa sababu hiyo. Mimi naona unafanana na kazi yenyewe, kwani fundi wa kweli hufungua maelezo. Programu ya ruta hizo, RouterOS, unaweza kuijaribu ndani ya kompyuta bila kununua chochote. CCNA ifuate ukiwa tayari na mshahara, au ukitaka kuhamia Kampala au Kinshasa.

Pamoja na cheti, peleka ushahidi. Omba staji kwenye kituo cha afya au redio ya jamii, panga upya kebo zao, chora ramani ya rezo yao, weka jina la mkuu wa kituo atakayekubali kupigiwa simu. Karatasi hiyo yenye ramani na jina husomwa kabla ya CV. Na ukishapata kazi ya kutembea na antena na redio, usiondoke bila barua ya misheni yenye muhuri. Kwenye vizuizi vya barabara zetu vifaa hivyo huleta maswali yasiyo na utani.

Ninyi mnaoajiri, nanyi nina neno. Tangazo la tekinisia wa Pinga linalodai lisansi na uzoefu wa miaka 5 humfungia nje kijana wa Pinga, halafu mnamlipia mtu wa mjini usafiri na nyumba, naye anaondoka risasi ya kwanza ikilia. Ondoeni sharti hilo. Wekeni ruta, betri na kebo mezani, mwiteni wa hapo hapo, mpeni saa moja.